Somo: Chora medula ya juu, kisha uitafute kwa mgonjwa

Wenzangu mnaosomea udaktari na uuguzi hapa Uganda, wengi wenu mtafanya kazi katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, mahali pasipo na CT, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Hata ikiwepo, picha zake za sehemu ya nyuma ya fuvu huharibiwa na mifupa minene ya pale, na kiharusi kidogo cha medula, sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, hupita bila kuonekana. Kwa hiyo ramani hii lazima uwe nayo kichwani. Chukua penseli na kalamu mbili za rangi.

Hatua ya 1: umbo. Chora mkato mlalo wa medula pale ilipofunguka nyuma na kuwa sakafu ya ventrikali ya nne, chumba chenye maji ndani ya ubongo. Mbele, kila upande wa mstari wa kati, weka uvimbe wa piramidi. Kando yake, uvimbe wa zeituni. Ndani ya zeituni kuna kiini (kundi la seli za neva) kilichokunjamana, kinachopeleka nyuzi kwenye serebela (ubongo mdogo wa nyuma) ya upande wa pili ili mwili urekebishe mwendo wake.

Hatua ya 2: sakafu. Hapa msikimbie. Katika kiinitete, sehemu za kuendesha misuli hukaa mbele na za hisia hukaa nyuma. Ventrikali inapopanuka, kuta zinalala nje kama kitabu kilichofunuliwa, na kilichokuwa nyuma kinahamia kando. Ukilielewa hilo hutakariri tena. Kutoka katikati kwenda nje weka kiini cha haipoglosa kinachosogeza ulimi, kiini cha nyuma cha vegasi kinachohudumia tumbo, kiini cha solitari kinachopokea ladha na habari za shinikizo la damu, kisha viini vya vestibula vya usawa wa mwili.

Kimoja hakipo sakafuni: ambiguasi. Kizamishe ndani, nyuma ya zeituni. Ndicho kinachoendesha kaakaa laini, koo na zoloto.

Hatua ya 3: njia. Kwa rangi nyekundu jaza piramidi, maana amri za misuli hushukia humo. Kwa bluu chora lemniski ya kati, nyuma ya piramidi karibu na mstari wa kati. Hubeba mtetemo na hisia ya mkao wa viungo. Kando chora njia ya spinothalamu, ya maumivu na joto la mwili, na nyuma yake njia ya trijemina, ya maumivu na joto la uso. Kona ya nyuma kabisa ni pedankali ya chini ya serebela, fungu la nyuzi linaloiunganisha medula na serebela.

Hatua ya 4: neva. Haipoglosa hutoka kati ya piramidi na zeituni. Glosofarinjia (neva ya ulimi na koo) na vegasi hutoka nyuma ya zeituni.

Hatua ya 5: damu. Tenga eneo la kati na la kando. La kati hulishwa na ateri ya mbele ya uti wa mgongo na matawi ya ateri ya vetebra. La kando hutegemea vetebra na ateri ya nyuma ya chini ya serebela. Likikosa damu, mgonjwa hupata kizunguzungu, kutapika, sauti ya kukwaruza, shida ya kumeza, kope iliyolegea na mboni ndogo upande uleule. Adolf Wallenberg aliieleza hali hii mwaka 1895.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa nini ganzi huwa ya uso upande mmoja na ya mwili upande mwingine?*
Njia ya mwili ilishavuka chini, ndani ya uti wa mgongo. Nyuzi za uso zinashuka upande wake bila kuvuka bado. Kijiti kilichochongoka kinatosha kupima: ukikuta mchanganyiko huo, fikiria medula ya kando.

*Na ulimi, dada, unapinda upande gani?*
Upande ulioumia, kwa sababu misuli mizima inausukuma kuelekea ile dhaifu. Mkono na mguu vikilegea upande wa pili, jeraha liko eneo la kati: piramidi huvuka chini zaidi, mwisho wa medula.

*Mgonjwa wa Wallenberg hupooza?*
Kwa kawaida hapana, na hiyo ndiyo hatari yake. Anatembea kwa kuyumba na kutapika, basi anaandikiwa dawa ya malaria au anadhaniwa amelewa. Mwambie aseme "aaa" na utazame kaakaa kwa tochi. Kwikwi isiyokoma nayo iongeze shaka yako.

*Ndugu zake wameleta uji. Tumpe?*
Msimpe bado. Mkalishe wima, sikiliza sauti yake, mpe kijiko kimoja cha maji huku ukimwangalia. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, acha kabisa kumlisha kwa mdomo na weka mpira wa kulishia kupitia puani. Uji ukiingia mapafuni, nimonia itafuata. Waelezeni ndugu kwa upole, maana kumnyima chakula mgonjwa wao kutawauma.