Kabla hujalipa ada ya masta, kaa na slipu yako ya mshahara

Niko kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS ya watumishi hapa Morogoro. Fomu za "ada ya masta" nyingi hutufikia barua ya udahili ikiwa tayari mkononi. Natamani tungekaa na mwanachama kabla hajaomba chuo.

Hatua ya 1: Tafuta cheo kwanza, kozi baadaye. Soma muundo wa utumishi wa kada yako, kisha pitia matangazo ya kazi ya miezi sita. Hesabu yanayodai uzamili na yanayoridhika na digrii ya kwanza na uzoefu. Muulize afisa utumishi: nikimaliza nitapanda daraja, au nitasubiri nafasi itokee? Muulize pia kama umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, maana usipokuwemo unaweza kuishia kwenye ruhusa bila mshahara, nayo inaweza kukugharimu kuliko ada yenyewe.

Hatua ya 2: Fungua slipu. Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa 900,000, ambaye bado anadaiwa mkopo wa digrii ya kwanza. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 135,000. Mfuko wa pensheni 45,000, bima ya afya 27,000, kodi 91,750. Anabaki na 601,250. Kwa kuwa theluthi moja ya mshahara, 300,000, haiguswi, nafasi ya kukopa ni 301,250 kwa mwezi.

Tuseme anataka milioni 6 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi isiyopungua, yaani inahesabiwa kwenye milioni 6 yote hadi mwisho hata deni likishuka. Kwa miezi 24, rejesho ni 310,000: haliingii. Kwa miezi 36 ni kama 226,700, linaingia, ila atarejesha 8,160,000. Cheo kipya kikimwongezea 150,000 mkononi, atahitaji miezi 55 ya cheo hicho kuirudisha hela hiyo. Mwenye miaka 30 anaweza kuvumilia. Wa miaka 54 namshauri waziwazi asikope.

Hatua ya 3: Omba ufadhili kabla ya kukopa. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. DAAD ya Ujerumani nayo ina kozi za maendeleo kwa wenye uzoefu wa kazi. Barua ya mapendekezo mwombe bosi mapema, na umpe orodha ya kazi ulizofanya ili aandike mambo yanayoshikika.

Hatua ya 4: Tengea tasnifu fungu lake. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Masomo ya darasani niliyamaliza kwa wakati, ila msimamizi wangu alibadilishwa mara mbili, nikaingia mwaka wa tatu nikilipa ada ya kuongeza muda, nauli za kukusanya data na uchapishaji, vyote nje ya bajeti. Nililipa kwa hela ya mbegu za shamba la mama. Siku hizi mwanachama akileta fomu isiyo na mstari wa tasnifu, namrudishia aujaze kwanza.