Ng'ombe hashiki mimba? Mara nyingi shida sio kizazi

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, ng'ombe akipandishwa mara mbili tatu hajashika basi wanasema huyo tasa, apelekwe mnadani. Tasa wa kweli wapo, mfano mtamba aliyezaliwa pacha na dume, karibu 9 kati ya 10 wa hivyo hawazai kabisa, huyo usipoteze hela ya mbegu. Ila wengine wote hebu anza na joto kwanza, yaani ule muda ng'ombe anapotaka dume.

Joto linarudi kila siku 21 hivi na linakaa masaa machache tu, kama 12 mpaka 18, tena mara nyingi linaanza usiku, sasa wewe unamwona asubuhi wakati wa kukamua tu utalijuaje? Mchungulie alfajiri na usiku kabla hujalala. Mwenye joto ni yule anayetulia akipandwa na wenzake, yule anayepanda anaweza asiwe nalo. Kama yuko peke yake bandani angalia ute mwangavu unaoning'inia, kulia lia, maziwa kushuka ghafla. Ukimwona asubuhi apandishwe jioni, ukimwona jioni apandishwe kesho asubuhi. Ukishaona damu nyuma ujue joto limepita, usimwite mtaalamu wa mbegu, andika tarehe usubiri linalofuata.

La pili njaa, na hili watu hawapendi kuambiwa. Ng'ombe akizaa, chakula chote kinaenda kwenye maziwa, kama unampa mabua na majani ya mgomba tu anakonda mbavu zinahesabika na joto halionekani miezi na miezi. Mpe majani mabichi, pumba, mashudu na madini (sio chumvi ya jikoni tu jamani), na umkaushe (uache kumkamua) miezi miwili kabla ya kuzaa ili aingie uzazini ana mwili.

Kama kondo la nyuma limekaa zaidi ya siku moja usilivute kwa nguvu, muite daktari, kizazi kikioza hapo mimba utaisikia kwa jirani.

Halafu hilo dume la kuazimana kijiji kizima, linabeba magonjwa ya kizazi toka banda hadi banda. Na ng'ombe wakitupa mimba za miezi ya mwisho, wapimwe brusela (ugonjwa wa kutupa mimba), kondo na kichanga kilichotupwa usishike kwa mikono mitupu, zika mbali na mbwa, na maziwa chemsha maana ugonjwa huo binadamu anaupata pia.