Dirisha la msaji likioza chini, kata shibiri moja tu

Mwezi uliopita nilipita Mkunazini nikakuta dirisha la msaji limelazwa barazani, linangoja mkokoteni wa taka. Niliinama nikaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia kavu kabisa. Mguu mmoja wa fremu, yaani mbao ya wima ya pembeni, ndio uliooza, tena shibiri moja ya chini. Juu ya hapo mbao ilikuwa nzima. Ukutani tayari kulikuwa na alumini ya kuteleza. Jambo hili hunisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu kazi ya kuliokoa dirisha lile ilikuwa ya siku tatu au nne tu.

Haya ndiyo ninayoyafanya kwenye madirisha ya zamani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Anayeishi Mombasa au Lamu atayaona ya kwake humu pia.

Hatua ya 1: Chokoa kabla hujaamua

Chukua bisibisi nyembamba na penseli. Anzia kizingiti cha chini, halafu miguu yote miwili ya fremu, kisha pembe za chini za shata, yaani mlango wa mbao wa dirisha. Choma kila baada ya upana wa vidole viwili. Mbao nzima itakataa ncha. Iliyooza itaipokea hadi ndani bila ubishi. Piga mstari wa penseli pale ubovu unapokoma.

Usidanganywe na rangi. Nimeona dirisha limebanduka rangi yote na mbao yake ni chuma, na nimeona jingine linang'aa lakini ndani ni ganda tu. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa vinavyotoka ukutani, na unga mpya wa rangi ya maziwa chini ya vitundu vidogo. Unga huo maana yake wadudu bado wamo kazini.

Uamuzi wangu ni huu. Ubovu ukiwa chini ya theluthi ya mguu, tengeneza. Shata likiwa limelegea viungo tu, tengeneza. Mchwa wakiwa wamepanda miguu yote miwili hadi juu, hapo fremu mpya ni haki yake, ila shata, bawaba na nondo mara nyingi bado vinafaa kurudi. Na kama ukuta wenyewe umepasuka au unaegemea, acha dirisha, mwite kwanza fundi wa ukuta.

Kabla ya kusema "nitaweka alumini", kumbuka dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu. Shata hufunguka lote, na ukilifunga, luva, vile vibao vyake vya mshazari, bado zinakupa upepo huku mvua ikibaki nje. Kwa chumba cha kulala mwezi wa Februari, tofauti hiyo utaiona usiku wa kwanza.

Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Hatua ya 2: Tafuta maji yanatoka wapi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na yangu moja iliharibikia hapa. Nyumba moja ya Malindi, humu humu Mji Mkongwe, niliunga mguu vizuri, kisha nikaziba ukingo kwa saruji nikidhani ndiyo itakayoshika. Masika ya pili niliitwa tena. Mbao mpya ilikuwa laini kama muhogo uliochemshwa.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji, halafu huyatoa taratibu. Saruji huyafungia njia, nayo yakishakosa pa kutokea hukimbilia mbao. Kwa hiyo bandua saruji yote iliyogusa fremu, ukutumia tindo na nyundo ndogo, uzibe upya kwa chokaa iliyolowekwa: fungu 1 la chokaa kwa mafungu 3 ya mchanga usio na chumvi. Angalia na bomba la paa lililo juu ya dirisha. Likivuja, rekebisha hilo kwanza.

Hatua ya 3: Shusha shata, toa rangi

Kabla ya kufungua chochote, andika namba kwenye kila luva mahali pasipoonekana. Hazilingani hata kama zinaonekana sawa. Seremala wa zamani alizichonga moja moja.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi. Usizipige msasa mkavu, wala usizichome kwa moto: moshi wake ni sumu, na juu yako kuna boriti kavu za miaka mingi. Lowanisha kwa maji, kwangua taratibu, tandika plastiki chini, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Takataka zote zifungwe mfukoni siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Kata na uunge

Kata mguu kwa mshazari, vidole vinne juu ya mstari wa penseli, ili uwe ndani ya mbao nzima. Urefu wa mshazari uwe angalau mara 3 ya unene wa mguu. Uelekeo wake ndio siri ya kazi: mbao ya zamani ya juu iifunike mpya kwa upande wa nje, kama makuti yanavyopishana. Maji yakishuka yateleze nje. Ukigeuza kinyume umetengeneza bakuli.

Kipande kipya kiwe msaji au mvule mkavu, wa moyo wa mti. Ile mbao nyeupe ya pembeni mchwa huila. Mimi hupenda mbao za nyumba zilizobomolewa, kwani zimeshakauka na hazipindi tena. Elekeza nyuzi zake upande mmoja na nyuzi za mbao ya zamani.

Jaribu kiungo bila gundi. Mwanga ukipenya, randa tena. Msaji una mafuta yake, kwa hiyo pangusa pande zote mbili kwa tina, subiri ikauke, ndipo upake gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya kawaida haivumilii mvua. Bana kwa jiliwa usiku mzima, kisha toboa kwa kekee upigilie mambo mawili ya mti, yaani vigingi vidogo. Skrubu ukizihitaji ziwe za shaba. Za chuma zitashika kutu kwa hewa ya bahari, na kutu huvimba ikapasua mbao.

Nondo nazo zikwangue hadi chuma kionekane, zipake praima ya kuzuia kutu, hasa pale zinapoingia kwenye kizingiti.

Hatua ya 5: Kizingiti

Kitelemke kwenda nje, sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za upana. Chini yake, karibu na ukingo wa mbele, chonga mfereji wa milimita 6 hivi kutoka upande hadi upande. Tone linalotambaa chini ya kizingiti hufika kwenye mfereji huo likashindwa kuendelea, likaanguka kabla ya kuufikia ukuta.

Hatua ya 6: Rangi na kurudisha

Fanya wakati wa kiangazi, mbao iwe kavu. Ncha za mbao hunywa maji kama mirija, kwa hiyo zishibishe mafuta ya kitani mara mbili au tatu kabla ya praima. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandaze nje yakauke. Ukiyakunja yakarundikana yanaweza kujiwasha yenyewe. Baada ya praima, mikono miwili ya rangi ya mafuta, na usisahau ukingo wa chini wa shata.

Tundika shata likiwa na nafasi ya milimita 3 kila upande, kwa sababu masika litavimba.

Mwisho, chukua birika la maji umwage polepole kwenye kizingiti, mtu akitazama kutoka chini barabarani. Maji yakidondoka kwenye mfereji bila kuugusa ukuta, shusha ngazi.