Namna ya Kuisikiliza Bendi ya Muddy Waters Ikiwa Jukwaani

Mtu anayeanza kusikiliza bluzi ya umeme, yaani muziki wa bluzi wa Wamarekani weusi unaopigwa kwa vyombo vya umeme, kwa kawaida hulifuata gitaa la solo, akingoja lipae peke yake. Kwa bendi ya Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, njia hiyo hupoteza. Bendi hii ya Chicago ilidumu zaidi ya miaka 30, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanamuziki wakiingia na kutoka, na nguvu yake ilikuwa katika kungojana. Basi tega sikio kwanza pale mwimbaji anaponyamaza.

Tafuta rekodi ya Tamasha la Jazi la Newport, Marekani, ya Julai 3, 1960. Pamoja na Muddy walikuwapo Otis Spann kwenye piano, James Cotton kwenye hamonika, Pat Hare kwenye gitaa, Andrew Stephens kwenye besi na Francis Clay kwenye drams. Usiisikilize kwa spika ya simu, kwa maana besi itamezwa, na besi ndiyo itakayokuongoza.

Anza na wimbo wa mwisho, Goodbye Newport Blues. Maneno yake yaliandikwa palepale na mshairi Langston Hughes, baada ya vurugu za usiku uliotangulia kusababisha tamasha kukatishwa, na anayeimba ni Spann, si Muddy. Wimbo huu ni wa taratibu, kwa hiyo unahesabika. Hesabu mapigo manne kuwa kipimo kimoja. Vipimo 12 vikitimia, ubeti umekwisha. Ubeti wa bluzi ya kawaida una mistari mitatu, wa pili ukiurudia wa kwanza, na kila mstari umepewa vipimo vinne, ila sauti hutumia takriban nusu yake tu. Nusu inayobaki ni ya vyombo, navyo huitika kama waitikiaji wanavyomjibu msomaji wa utenzi. Sikiliza besi ikihamia noti nyingine ya msingi mwanzoni mwa kipimo cha 5, na tena mwanzoni mwa kile cha 9. Rudia mpaka uweze kuyatabiri mahamio hayo bila kutumia vidole. Ukiharakisha hatua hii, zinazofuata hazitakufaa.

Kisha nenda kwenye Hoochie Coochie Man, utunzi wa Willie Dixon. Hapa bendi nzima hupiga kishindo kifupi, ikanyamaza, ikamwachia Muddy uwanja. Jaribu kupiga makofi pamoja na maneno yake, nawe utajikuta umemtangulia, kwa kuwa huyachelewesha kidogo nyuma ya mapigo. Kwa maoni yangu kazi ngumu kuliko zote jukwaani ni ya mpiga drams, anayepaswa kushika mwendo bila kumsukuma mwimbaji asiye na haraka.

Got My Mojo Working uuache hadi hapo, kwa sababu kasi yake hulewesha. Wenzake Muddy wanamwitikia kwa sauti, na watazamaji wakafurahi kiasi kwamba wimbo ulipigwa tena. Filamu ya siku hiyo inamwonyesha Muddy akicheza na Cotton. Isikilize hamonika vizuri. Little Walter, aliyewahi kuwa katika bendi hii, ndiye aliyesifika kwa kuishika pamoja na kipaza sauti ndani ya viganja, hata mlio ukatoka kwenye amplifaya ukiwa mzito na wenye mkwaruzo.

Mwisho, weka rekodi ya jukwaani iliyotolewa mwaka 1979, Muddy "Mississippi" Waters – Live, aliyoisimamia mpiga gitaa Johnny Winter. Hapa piano ni ya Pinetop Perkins na drams ni za Willie "Big Eyes" Smith. Chagua wimbo wa taratibu, hesabu tena vipimo 12, kisha linganisha namna Perkins anavyoijaza ile nafasi ambayo kule Newport ilikuwa ya Spann.