Mwaka mmoja wa kulea viongozi wa chuo: njia ya wanafunzi wa Kiyahudi tunavyoifanya Ng'ong'ona

Wanafunzi wakishamaliza purukushani za usajili na kutafuta vyumba, barazani kwangu Ng'ong'ona wageni hawakosi. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii hadi nilipostaafu, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko jirani, na vijana huja na ombi lile lile: "Mama, tunataka kufanya kitu kwa ajili ya jamii, tuanzie wapi?" Wengine wanakuja wameshachora hadi nembo ya fulana. Nawakaribisha chai, fulana naomba isubiri, kisha nawaeleza mpango wa mwaka mmoja ambao nauandika hapa ili na wenzao wa vyuo vingine vya hapa Dodoma, yaani Mipango, St John's na CBE, hata wa Singida na Iringa, waweze kuufuata.

Mpango huu asili yake ni kwa Wayahudi, na kila kundi jipya nalieleza hivyo siku ya kwanza. Nikiwa bado kazini alikuja kujitolea binti wa Kiyahudi kutoka Marekani, aliyepitia mafunzo ya uongozi ya wanafunzi wa dini yake. Alichonifundisha ni subira. Majuma yake ya mwanzo hakupendekeza mradi wowote. Alisoma, akauliza, akaandika. Nikaanza kufuatilia wanalelewaje hawa vijana. Jumuiya yao ya wanafunzi iitwayo Hillel ilianza mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na leo iko kwenye mamia ya vyuo. Avodah, iliyoanza New York mwaka 1998, huwaweka vijana waliotoka chuo katika nyumba moja kwa mwaka mzima: mchana wanatumika kwenye mashirika yanayohudumia maskini, na muda mwingine wanasoma pamoja mafundisho ya dini yao na vyanzo vya umaskini wenyewe. Kusoma, kutumika na kuishi pamoja vinakwenda kwa pamoja. Huku kwetu semina ina watu wake na kufagia soko kuna watu wake, ndiyo maana kiongozi wa semina mara nyingi hajui bei ya ndoo ya maji mtaani.

Kwanza, jueni kwamba mtaani ninyi ni wageni

Nianze na hili kwa sababu ndilo linaloharibu makundi mengi. Mwaka 1964 wanafunzi wengi wa Marekani, na kati ya wale weupe Wayahudi walikuwa wengi, walikwenda Mississippi kusaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Andrew Goodman alikuwa na miaka 20, mwanafunzi wa Queens College, New York. Tarehe 21 Juni mwaka huo aliuawa pamoja na Michael Schwerner, Myahudi mwenzake, na James Chaney, kijana mweusi mzaliwa wa Mississippi. Huwa nawasomea vijana majina hayo matatu pamoja, na la Chaney nalisoma kwanza. Kazi ile ilikuwa imeanzishwa na kuongozwa na vijana weusi, na wenyeji ndio waliobaki na hatari wageni waliporudi makwao. Wageni walikwenda kuongeza nguvu.

Kwa hiyo, kabla ya shughuli yoyote, chukueni barua ya utambulisho chuoni, mpelekeeni mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, mkae, msalimie vizuri. Kama wazee ni Wagogo, "mbukwenyi" inawafungulia mlango kuliko wasifu wa kurasa tatu.

Idadi na siku

Watu 12 hadi 16 wanatosha, mradi idadi igawanyike kwa mbili. Sababu mtaiona hapo chini. Changanyeni fani, dini na mikoa. Msijaze marafiki watupu, maana marafiki hawabishani. Sisi tunakutana Jumapili alasiri, kwa sababu Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini na Jumamosi Wasabato wako ibadani. Chagueni siku ambayo hakuna atakayelazimika kuchagua kati yenu na Mungu wake.

Kusoma wawili wawili

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo vijana wanapotaka kuruka haraka. Wayahudi kwa karne nyingi wamesoma maandiko kwa jozi, na utaratibu huo wanauita havruta. Watu wawili wanakaa na andiko moja, mmoja anasoma kwa sauti, wanasimama, wanaulizana, wanapingana. Kazi ya mwenzako ni kukutafutia udhaifu wa hoja yako, na wewe umtafutie wa kwake. Ukumbi mzima unavuma kama soko la Majengo asubuhi, na hiyo ndiyo dalili kwamba wanasoma.

Toeni dakika 40 kila mnapokutana. Andiko liwe fupi, nusu ukurasa linatosha. Jozi zibaki zile zile kwa muhula mzima, kwa sababu inachukua muda mtu kuthubutu kumwambia mwenzake "hapa umekosea". Na kuna sharti moja nisilolilegeza: kabla hujajibu, rudia hoja ya mwenzako hadi yeye mwenyewe akubali kwamba umeielewa. Talmud, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale, inaeleza kwamba shule ya Hillel, mwalimu wa kale ambaye jumuiya ile ya wanafunzi imechukua jina lake, na shule ya Shamai zilibishana miaka, na maamuzi ya shule ya Hillel ndiyo yaliyofuatwa, kwa sababu walikuwa wapole, walifundisha na maneno ya wapinzani wao, tena waliyatanguliza kabla ya yao. Mtu aliyezoea hilo barazani hapotezi mwelekeo kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata.

Maandiko matatu ya kuanzia nayapendekeza bila wasiwasi. La kwanza ni maswali ya mzee Hillel: nisipojisimamia, nani atanisimamia? Na nikijisimamia peke yangu, mimi ni nini? Na kama si sasa, lini? La pili ni Walawi 19, pale mkulima anapoamriwa asivune pembe za shamba lake, aziache kwa maskini na mgeni. Vijana waliokulia Bahi na Kongwa wanaubeba mjadala huu mabegani, maana wanalijua suke la mtama linaloachwa shambani na wanajua nani hulifuata. Swali la jozi liwe hili: je, pembe ile ni hisani ya mkulima au ni haki ya maskini? Msiwape jibu.

La tatu ni la Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12 aliyekuwa tabibu huko Misri. Alipanga utoaji katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa kwa kinyongo. Ya juu kabisa ni ya anayemshika mkono mwenzake kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kumpatia kazi, hadi asihitaji kuomba. Waambieni wanafunzi waandike shughuli zote za hisani walizowahi kushiriki, kisha waziweke kwenye ngazi hizo. Waislamu wataleta zaka na sadaka, Wakristo watataja fungu la kumi. Karibisheni yote. Kundi letu halina Myahudi hata mmoja na hatujifanyi Wayahudi. Tunasoma hekima yao kwa jina lao, na kila mmoja anarudi kwenye dini yake akiwa na maswali mazito zaidi.

Simulizi: mimi, sisi, sasa

Baada ya mwezi hivi wa kusoma, kila mmoja aandae simulizi ya dakika tatu. Mbinu hii ilienezwa na Marshall Ganz, mtoto wa rabi, aliyeacha masomo Harvard akaenda Mississippi mwaka ule wa 1964, kisha akafanya kazi miaka mingi na Cesar Chavez akiwaunganisha vibarua wa mashambani California. Ganz ameyageuza maswali matatu ya Hillel kuwa sehemu tatu za hotuba: kwa nini mimi nimeitwa kwenye jambo hili, kitu gani kinatuunganisha sisi tulio hapa, na tufanye nini sasa hivi.

Dodoma ni nchi ya zabibu, kwa hiyo hapa nasimama kidogo. Mwaka 1965 vibarua wa zabibu wa Delano, huko California, Wafilipino wakitangulia na Wameksiko wakafuata, waligoma kudai ujira bora. Walihimiza wanunuzi wa mijini wasinunue zabibu, na mwaka 1970 wenye mashamba wakasaini mikataba. Mkulima wa Hombolo yuko katika hali nyingine kabisa, maana shamba ni lake na shida yake ni soko na bei. Lakini mwanafunzi aliyelelewa kwa pesa za zabibu akisimama kueleza jinsi ada yake ilivyosubiri mnunuzi ambaye hakutokea, chumba kizima kinaelewa kwa nini anataka kuwa kiongozi. Dakika tatu zikiisha, msimamisheni. Simulizi isiyo na mwisho inachosha hata wanaokupenda.

Mazungumzo ya ana kwa ana

Sasa ndiyo mnatoka. Kila mwanafunzi azungumze na watu watano mtaani, mmoja mmoja, nusu saa kwa kila mtu. Dodoso liachwe chuoni, na daftari litoke baada ya mazungumzo. Muulizeni mtu anafanya nini, anapenda nini hapa, nini kinamkosesha usingizi, na amewahi kujaribu nini. Swali hilo la mwisho ndilo wanafunzi hulisahau, nalo ndilo linalomheshimu mtu. Mama anayekaanga maandazi asizuiwe kazi. Kaa pembeni yake, msaidie kuchochea moto, ongea.

Kundi moja lilikuja na wazo la kugawa taulo za kike katika shule ya msingi pembezoni mwa jiji. Ni wazo jema, na zinahitajika kweli. Wakaenda kwanza kuzungumza na wazazi. Mama mmoja akamwita binti yake aonyeshe kidumu cha lita tano anachobeba kwenda nacho shule kila siku. Mkono wa kidumu alikuwa ameuzungushia kipande cha kanga kwa sababu ulimkata vidole. Siku za hedhi, akasema mama, kidumu hakitoshi, anabaki nyumbani. Wanafunzi wakaenda kuitazama shule yenyewe. Ilikuwa Januari, mvua inanyesha. Nyuma ya darasa kulikuwa na simtanki kubwa, zima, halina nyufa, na maji ya bati yalikuwa yakimwagika chini hatua mbili kutoka lilipo, kwa sababu mfereji wa bati uling'oka na hakuna aliyeurudisha.

Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili. Ikipita, imepita.

Hapo vijana walitaka kuchanga waite fundi kesho yake. Niliwarudisha kwenye ngazi za Musa bin Maimun, wakabishana jioni nzima. Mwishowe waliamua kukaa na wale akina mama, wakawasaidia kupanga watakachosema kwenye mkutano wa wazazi, nani aanze, nani ajibu likija suala la pesa. Akina mama walisema wenyewe. Mzazi mmoja, fundi bati, alijitolea ufundi, vifaa vikanunuliwa kwa michango, na mfereji ulirudi kabla ya mvua zilizofuata. Kamati ya shule sasa ina mama aliyepewa jukumu la kukagua mfereji kila Novemba. Taulo nazo ziligawiwa, katika shule yenye maji.

Jambo moja, mwenye uamuzi mmoja

Mkishakusanya mazungumzo, mtakuwa na shida 20 mkononi. Chagueni moja. Ipimeni hivi: je, wenyeji wameitaja mara nyingi? Inaweza kusogea ndani ya miezi sita? Na nani hasa, kwa cheo chake, anaweza kusema ndiyo? "Serikali" si jibu. Andikeni cheo: mwenyekiti wa kamati ya shule, mtendaji wa kata, meneja wa soko. Kama hamwezi kuandika cheo, hamjafika bado, rudini mtaani.

Pesa hazihitajiki nyingi. Chai, viazi, nakala za maandiko na nauli ya bajaji. Changeni wenyewe, mtunza hazina asome hesabu mbele ya wote. Msitafute mfadhili mwaka wa kwanza.

Maswali magumu na wageni

Ukitaja Wayahudi, kuna atakayeuliza kuhusu Israeli na Gaza. Mwacheni aulize, na mjadala uende kwa sharti lile lile la kurudia hoja ya mwenzako. Nasisitiza kitu kimoja: mwanafunzi wa Kiyahudi wa chuo fulani asifanywe mshitakiwa kwa niaba ya dola ya Israeli, kama vile Mwislamu au Mkristo asivyopaswa kubebeshwa kila linalofanywa kwa jina la dini yake. Wayahudi wenyewe hawakubaliani juu ya vita ile, na wapo waliojitokeza hadharani kuipinga.

Kumbukeni pia kwamba Wayahudi si wa Ulaya na Marekani peke yake. Uganda, karibu na Mbale, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja hilo mwaka 2008 baada ya kusomea Marekani. Vijana wao wanasoma vyuo kama wetu. Mkibahatika kualika mwanafunzi Myahudi, wa kule au wa kwingine, shughuli za Ijumaa zimalizike mapema, kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana Sabato yao inaingia jua linapozama na inatoka Jumamosi usiku. Msimpangie safari ya Jumamosi. Nguruwe haliwi, nyama haichanganywi na maziwa, na wapo wasiokula nyama isiyochinjwa kwa taratibu zao. Muulizeni mapema anafuata kiasi gani, kwa sababu wanatofautiana. Ugali, mlenda wa karanga na matunda vimewatosha wageni wangu wengi, mkitumia sufuria mpya au mkiuliza kwanza kuhusu vyombo.

Mwisho, kukabidhi kazi kwa kundi linalofuata kuanze mapema, Mei, kabla ya presha ya mitihani. Kila jozi itafute jozi moja ya mwaka wa kwanza, iipeleke mtaani, iitambulishe kwa watu wale watano waliozungumza nao, na iwaachie daftari.