Somo: kukata tofali kwa tindo na nyundo bila kuumia

Wakuu habari za kazi. Leo kukata tofali kwa mkono, maana saidia fundi wengi wakipewa tindo wanapiga puu mara moja, tofali linaenda vipande vitatu na tajiri anahesabu hasara.

Kwanza kabisa miwani ya kazi, sio ya jua. Mimi nilikuwa sivai, siku moja kipande kama punje ya mchele kikanirukia jichoni nikalisugua, ndo nikaliharibu zaidi, siku nne sioni vizuri. Na tindo likagueni, likigongwa sana kichwa kinachanua kama uyoga, zile kingo zinakatika zinaruka, kwahiyo lisagwe kwanza. Mpini wa nyundo usicheze. Ndala hapana.

Haya, tafuta tofali lililokauka vizuri, bichi litakumeng'enyukia. Lilaze juu ya mchanga, ukiliweka kwenye zege linapasuka linapotaka lenyewe. Tofali la saruji la inchi 18 nusu yake ni 9, ila kama kiungo chako, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, ni nusu inchi kata 8 na robo tatu, udongo wa kujengea (mchanga na saruji) nao unataka nafasi yake. Chora mstari kwa skwea pande zote nne, nasema nne, sio juu tu!

Simamisha tindo wima kwenye mstari, gonga kidogokidogo huku unalisogeza, geuza tofali, zunguka hivyo mara mbili tatu. Sikiliza sauti. Mwanzoni linalia kali, ti ti ti, baadae inakuwa nzito kama unagonga debe lenye mchanga, hapo ujue ufa umeshaingia ndani, sasa piga moja ya nguvu kwenye mstari linaachana lenyewe. Ukiharakisha mzunguko wa kwanza umelipoteza. Vinundu vilivyobaki chonga taratibu kwa mwiko.

MASWALI

Swali: Mkuu mi natumia panga mbona linakata fresh tu?
Jibu: Kwa tofali laini linakata kweli, saiti nyingi wanalitumia, ila likiteleza mkono ulioshika tofali upo palepale. Mi nakushauri nunua tindo pana.

Swali: Na yale ya matundu?
Jibu: Usigonge katikati ya tundu, panabomoka. Chora mstari kama kawaida, gonga nyepesi zaidi, tembea na ukuta wake pande zote, ukifika kwenye kizuizi cha kati kinachotenganisha matundu ndo uongeze nguvu kidogo.

Swali: Kitambaa puani kinatosha kwa vumbi?
Jibu: Hapana ndugu yangu, lile vumbi lina silika (madini ya kwenye mchanga), ikikaa kwenye mapafu haitoki. Nyunyiza maji kwenye mstari kabla hujagonga na uvae maski ya N95.

Swali: Kipande kikiingia jichoni nifanyaje?
Jibu: Usisugue! Kama ni vumbi suuza na maji safi mengi. Kama kimechoma jicho usikichomoe wala kulikandamiza, lifunike na kikombe kisafi cha plastiki na uende hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kumaliza kozi (mstari wa tofali unaoujenga).