Kununua upanga wa Kijapani ukiwa Lubumbashi: anza na mkia, mng'ao baadaye

Upanga wangu wa kwanza ulidumu wiki tatu. Niliununua dola 60 kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini: ala nyeusi yenye joka la rangi ya dhahabu, na kisimamio cha mbao juu yake bure. Jioni moja nauzungusha polepole uani, hapa Kampemba, bapa likachomoka kwenye mpini na kujichoma ardhini hatua mbili kutoka kwenye ndoo ya maji. Namshukuru Mungu watoto walikuwa ndani wakila bukari. Nilipopasua mpini nikakuta fimbo ya chuma nene kama penseli, imechomelewa kwenye bapa kwa tone moja tu. Mimi kazi yangu ni kusudea, yaani kuchomelea vyuma. Mshono ule nisingeukubali hata kwenye mlango wa banda la kuku.

Tangu siku hiyo nimenunua tatu nyingine, na zote ninazo. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Katana ni upanga ambao bapa lake linazidi shaku mbili, yaani sentimita 60.6, nyingi zina kama sentimita 70, na uzito wa kilo moja na kitu. Ukiwa kati ya shaku moja na mbili unaitwa wakizashi. Chini ya hapo ni tanto.

Sokoni utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni mapambo ya ukutani, kama ule wangu wa joka. Ya pili ni panga za kisasa zenye makali ya kweli, ambazo nyingi hutoka Longquan, mkoa wa Zhejiang, China. Nzuri ya kuanzia niliipata kwa dola 200 hivi kabla ya usafiri. Ya tatu ni nihonto, panga zilizofuliwa Japani kwenyewe na mafundi wenye leseni. Mafundi hao wana kikomo cha panga ndefu mbili tu kwa mwezi. Kila upanga husajiliwa, na kuutoa nchini humo kunahitaji kibali cha idara ya utamaduni ya serikali. Kwa hiyo mtu akikuonyesha pale Kenya, komine ya hapa Lubumbashi, "katana ya samurai, ya babu wa Mjapani" kwa dola 150, mpe pole na uendelee na safari yako.

Mimi nazungumzia aina ya pili.

Hatua ya 2: Soma namba ya chuma

Muuzaji asiyetaja chuma, muache. Namba kama 1045, 1060 na 1095 zinaeleza kaboni: 1060 ina asilimia 0.60 hivi, 1095 ina 0.95. Kaboni ikiongezeka, makali hushika vizuri zaidi, lakini chuma huvunjika upesi kama fundi hakujua kupasha moto na kupoza. T10 nayo ina kaboni nyingi, na ndiyo wapenzi wengi huipenda kwa sababu mstari wa mawimbi kwenye makali hutokea vizuri.

Halafu kuna 5160 na 9260. Hizi ndugu wa Katanga mnazijua bila kujua: ni jamaa ya chuma cha resori, zile bamba zilizopangwa chini ya malori yanayobeba shaba kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Hupinda na kurudi. Kwa anayeanza, nashauri 1060 au 9260, hata kama picha za T10 zinavutia zaidi.

Chuma kisichoshika kutu kinafaa kisu cha jikoni. Kwenye bapa refu kama hili huelekea kukatika, kwa hiyo ukisoma 420 au 440 ujue ni mapambo. Na maneno "kimekunjwa mara elfu" yasikulevye. Wajapani wa zamani walikunja chuma chao, tamahagane, ili kutoa uchafu na kusambaza kaboni sawasawa. Chuma cha kiwandani cha leo kimeshatoka safi. Kukunja kunaongeza urembo na bei, na fundi akikosea kunaongeza nyufa.

Hatua ya 3: Omba picha ya mkia

Mkia, nakago kwa Kijapani, ni sehemu ya bapa inayoingia ndani ya mpini. Omba picha yake uchi, mpini umetolewa. Unataka kuona chuma kimoja kisichokatika kutoka bapani, kipana, kikipungua taratibu, kirefu angalau theluthi mbili za mpini. Mpini ukiwa na sentimita 27, mkia uwe na 18 au zaidi. Muuzaji akisema mpini hautoki, maana yake umegandishwa na gundi, na gundi huwa inaficha kitu. Muuzaji wangu wa pili alinitumia picha nne bila kunung'unika. Wa kabla yake alinitumia picha ya joka.

Hatua ya 4: Barabara

Kabla ya kulipa chochote, nenda komine, ofisi ya manispaa, ukaulize kuhusu kumiliki silaha yenye makali, na uongee na deklara wa duani, yaani wakala wa forodha, anayejua kazi. Wengi wetu huweka mzigo kwenye kontena la pamoja kutoka Guangzhou, ukashuka Dar es Salaam, ukapita Zambia, ukaingia Kasumbalesa. Usikubali mtu aandike "vyombo vya jikoni" kwenye karatasi. Kuna jamaa aliandika hivyo, na sanduku lake lilifunguliwa mbele ya watu. Ukishafika, upanga ukae nyumbani. Hautembezwi barabarani, wala haupelekwi kwenye sherehe.

Hatua ya 5: Siku ya kuukagua

Hapa usiharakishe. Funga mlango, watoto nje, tandika blanketi mezani.

Shika ala kwa mkono wa kushoto, makali yakitazama juu. Inamisha upanga kidogo sana juu ya blanketi, mpini ukielekea chini: haupaswi kuteleza wenyewe. Kinachoushikilia ni kola ya shaba shingoni mwa bapa, habaki. (Shaba! Labda ilitoka kwetu ikazunguka dunia.) Ukivuta, mgongo ndio uteleze ndani ya ala. Kidole kisipite mdomoni mwa ala.

Tikisa mara moja, kwa nguvu kiasi. Ukisikia *tik-tik*, kinga ya mkono au mpini umelegea. Kinga inarekebishika kwa kipande chembamba cha shaba. Mpini unaocheza ni wa kurudisha.

Sasa tazama kwa jicho moja kutoka mpini hadi ncha, ukifuata mgongo, kama tunavyokagua bomba kabla ya kulichomelea. Umeme ukiwepo, simama chini ya taa ndefu ya neoni, uache mwanga utambae ubavuni mwa bapa. Mstari wa mwanga uende umenyooka. Ukiyumba kama maji, fundi wa kusugua alikuwa na haraka. Umeme ukikatika, dirisha linatosha.

Kisha mkia wenyewe. Mpini hushikiliwa na kigingi cha mianzi, mekugi, chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine. Gonga kutoka upande mwembamba kwa kipande cha mbao. Sasa simamisha upanga, makali yakikuepa, mkono wa kushoto ukiwa mwisho wa mpini, na ugonge kifundo cha mkono huo kwa ngumi ya kulia. Bapa litapanda lenyewe. Linganisha na picha uliyotumiwa. Tafuta mshono, rangi ya bluu ya joto la kuchomelea, alama za gurainda. Kigingi kikiwa na ufa, chonga kingine kwa mwanzi mkavu. Msumari ni marufuku.

Mstari wa mawimbi kwenye makali, hamoni, una hadithi yake. Fundi hupaka udongo mgongoni kabla ya kupoza bapa majini, hivyo makali hupoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukabaki laini. Mstari wa kweli, ukiuegemeza kwenye mwanga, una ukungu mweupe wenye chembe ndogo ndogo, na haujirudii. Wa uongo huchorwa kwa asidi au brashi ya waya: mawimbi yote ni mapacha, na karibu utaona mikwaruzo. Kumbuka tu kwamba 9260 nyingi huwa hazina hamoni kabisa, na hilo si kosa.

Makali nayajaribu kwa ukanda wa gazeti ulioning'inizwa, basi. Dole gumba halijaribu upanga. Mianzi mibichi, mifupa na chupa ni michezo ya video.

Hatua ya 6: Mafuta

Jasho la kidole kimoja huacha alama ya kutu. Kuanzia Novemba mvua zikianza, mimi hufuta bapa kwa kitambaa laini kila wiki mbili na kupaka mafuta ya cherehani, tabaka jembamba tu. Wajapani hutumia yao yenye harufu ya karafuu. Kiangazi, kila mwezi. Vumbi letu jekundu ni kama msasa, kwa hiyo futa kwanza, kuelekea ncha, ndipo upake. Ulaze ndani ya ala makali juu, mbali na vitu vya ngozi, kwenye kabati lenye kufuli.

Kama siku moja utapata nihonto ya kweli, usisugue kutu nyeusi ya mkiani. Ndiyo inayoonyesha umri, na sahihi ya fundi huwa imechongwa hapo. Sahihi za bandia ni nyingi mno, ndiyo maana watu hutafuta cheti cha NBTHK, shirika la Japani lililoanzishwa mwaka 1948. Mimi bado sijafika huko. Wangu wa nne ni 1060, uko juu ya kabati, na ufunguo anao mama watoto.